Sifuri Yenye Deni

Ghala la vipuri, Plovdiv, ng'ambo ya mto Maritsa,
mwezi wa pili, na hita inayokohoa.
Nimepewa wiki tatu nihamishe hesabu yote
kutoka mashine iliyonunuliwa mama yangu akiwa msichana
hadi mfumo mpya, mweupe, usiomjua mtu.

Ukurasa wa kwanza: beringi, idadi 10J.
Nikadhani ni namba ya rafu. Nikadhani kidole kiliteleza.
Wa pili, 4M. Wa tano, 23R.
Herufi zimekaa mkiani mwa tarakimu
kama wapangaji wasiolipa kodi.

Nikampigia simu Radostina Peneva, karani mstaafu.
Akaja na theluji begani,
na kipande cha banitsa ndani ya gazeti.
Akacheka hadi miwani ikashika ukungu.
"Nevena, hiyo J ni moja iliyoingia deni.
K ni mbili, L ni tatu, twende hivyo hadi R, tisa.
Nafasi ilikuwa ghali siku zile, kila tundu la kadi na bei yake.
Alama ya kutoa haikuwa na pa kulala,
tukambebesha mdogo wa mwisho."

Basi 10J: pungufu mia na moja.
Beringi mia na moja zilizotoka kabla hazijaingia.

Nukta nayo haikuandikwa. Ilikuwa ya kuaminiana.
1250 ni leva kumi na mbili na nusu,
isipokuwa kwa waya, ambao ni mita, na nukta husogea hatua moja,
isipokuwa kwa grisi, ambayo, "hapo umuulize Tsanko."
Tsanko tulimzika Oktoba.

Nati: 9999.
Mwaka wa themanini na moja, 9999. Juzi, 9999.
Kisanduku kina vyumba vinne tu,
na ghala lilikwishafurika kupita kisanduku.
Nilishuka na tochi kuziona:
kilima cha kutu, kimya,
hakijahesabiwa tangu kiitwe jina hilo.

Bwana Achleitner, aliyetuuzia mfumo, alikuja kutoka Vienna.
Akauliza: sifuri hizi za mbele, tuzikate?
Radostina akainamisha kichwa,
ambayo kwetu ni hapana.
Akazikata.
Usiku ule 00410 na 410, gasketi na springi,
zikaozwa bila kuulizwa, na hadi leo
haijulikani yupi ni yupi.

Mali bila daftari hupotea bila habari, sawa.
Sisi daftari tulikuwa nalo.
Mali ikapotea humo humo.

Kisha mstari wa 7718. Pampu ya maji. Idadi 00}
Bano lenye nundu, kama mtu aliyebeba gunia
akasahau kulitua.
"Hii nayo?"
"Sifuri."
"Sifuri si ina mabano yake, yale ya upande wa pili?"
"Hiyo ni ya asiyewahi kukopa. Hii imepitia deni."
Kipupwe cha themanini na nne, akasema,
Tsanko alimwazima mtu pampu bila karatasi,
shamba liligandiwa mabomba kule njia ya Karlovo.
Aprili ikarudi, imeoshwa, imepakwa mafuta.
Hesabu ikasawazika. Mashine haikuondoa alama.
Miaka arobaini inajua kwamba hapa hapana kitu,
na kwamba kitu hicho kiliwahi kukosekana.

"Aliyeazima unamfahamu?"
Akatikisa kichwa, kushoto, kulia,
ambayo kwetu ni ndiyo,
akarudi kwenye banitsa yake.

Mfumo mpya unapokea tarakimu tupu.
Nikaandika 0. Nikaifuta. Nikaandika tena.
Kishale kinapepesa, hita inakohoa,
nje wanakwangua barafu kwenye kioo cha lori.

"Andika tu," akasema, akikung'uta makombo gotini.
"Niliirudisha mwenyewe. Kwa basi la saa kumi na mbili,
nimeipakata njia nzima."